Pezi Kwanza, Ruko Baadaye

Katika Mlangobahari wa Johnstone, kwenye pwani ya Kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, mgeni aliyepanda boti kutazama nyangumi wauaji huomba jambo moja tu: mnyama aruke. Picha ya ruko husifiwa sana nyumbani. Mjuzi huitazama mara moja, akaomba nyingine.

Anayoitaka ni ya pezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanabiolojia Michael Bigg na wenzake walionyesha kwamba kila nyangumi muuaji hutambulika kwa umbo la pezi lake la mgongoni na kwa baka la kijivu lililo nyuma yake. Ndipo ikajulikana kwamba waliokuwa wakinaswa kwa nyavu ili kuuzwa kwenye mabwawa ya maonyesho walitoka katika jamii ya mamia tu. Tangu hapo picha bora ni ile iliyopigwa ubavuni, hasa wa kushoto: pezi limesimama wima, pengo na mikwaruzo yake inahesabika, baka lote liko juu ya maji. Pezi la dume hufikia mita 1.8 na huvutia macho, lakini pezi dogo la jike lenye pengo linaloonekana vizuri lina thamani kuliko la dume lililopigwa kimshazari.

Kisha rangi. Ngozi nyeusi na doa jeupe la juu ya jicho huipa kamera taabu: weusi ukisomeka, weupe huungua. Katika kazi nzuri, kijivu cha baka hakijamezwa na weusi. Mawingu ya pwani ile, ambayo watalii huyalalamikia, ndiyo yanayosaidia. Kasi ya shata isipungue sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, kwani boti nayo haitulii.

Lakini lenzi haimwokoi mpiga picha mwenye nahodha mbaya. Nahodha mzuri hupunguza mwendo pezi lingali dogo ndani ya darubini, huenda sambamba na kundi, na hakimbilii mbele kulivizia. Nyangumi wakibadili njia kwa sababu yake, keshakosea. Katika jimbo la Washington, tangu Januari 2025, boti hutakiwa kukaa takriban mita 900 kutoka kwa makundi ya nyangumi wauaji yanayoitwa J, K na L, ambayo hutegemea sana samaki wa salmoni aina ya chinook na huwasaka kwa sauti. Kelele za injini huwavurugia mawindo. Kwa hiyo picha ya kundi la J iliyojaa fremu nzima kwa lenzi fupi haifai kusifiwa kabla mpigaji hajasema boti ilikuwa wapi.

Boti zilizo makini hubeba maikrofoni ya kutumbukiza majini. Kila kundi la walaji samaki lina miito yake, na abiria huweza kuwasikia hata wasipowaona. Wale wanaowinda sili huwa kimya wakati wa kunyemelea, na nahodha anayewajua huwaambia abiria mapema wavue vipokea sauti, washike darubini.