Mtakatifu wa Bandia na Imani ya Watu: Uhakiki wa The Guide

Riwaya ya The Guide ya R. K. Narayan, iliyochapishwa mwaka 1958 na kupata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1960, husomwa mara nyingi kama dhihaka juu ya watawa wa uongo katika India ya kisasa. Usomaji huo una msingi, lakini hautoshi.

Raju, aliyekuwa kiongozi wa watalii mjini Malgudi, anatoka gerezani alikofungwa kwa kughushi sahihi, naye anatua penye hekalu kuukuu kando ya mto. Mwanakijiji Velan anamdhania mtakatifu. Madhali chakula kinaletwa, Raju hakanushi. Ukame unapoingia, mjumbe anapotosha maneno yake, na watu wanaamini kwamba ameapa kutokula mpaka mvua inyeshe.

Muundo wa riwaya ndio unaobeba hoja. Masimulizi ya nafsi ya tatu yanapokezana na ungamo la Raju mwenyewe mbele ya Velan. Ungamo hilo lilikusudiwa kuvunja imani. Velan analisikiliza mpaka jogoo anawika, na bado anamwita Swami. Je, utakatifu hutoka moyoni mwa mtu, au katika haja ya wale wanaomwamini? Raju anaanza kufunga kwa kushurutishwa. Baadaye, kwa mara ya kwanza maishani, anatenda jambo lisilomfaidi. Mwishoni analegea ndani ya mto akidai kwamba mvua inanyesha milimani, na msomaji haambiwi ukweli. Filamu ya Vijay Anand ya mwaka 1965 inateremsha mvua waziwazi, na hivyo inaweka muujiza mahali pa swali.

Dosari ya riwaya iko kwa Rosie. Mwanamke huyu ana shahada ya uzamili, naye ni mzawa wa ukoo wa wachezaji ngoma wa hekaluni. Ngoma kwake ni kazi na ibada pia. Ndani yake anapata utulivu ambao Raju hakuujua. Hata hivyo, yote yanayomhusu yanapita kinywani mwa Raju, mtu aliyemgeuza kitega uchumi. Narayan amechunguza kwa makini utakatifu uliozuka kwa bahati, akauacha kando ule uliotafutwa kwa jasho kila siku. Uhakiki unaomwangalia Raju peke yake unalirudia kosa hilo.