Mali ya Waliotalikiana: Hesabu Mbili Zisichanganywe
Hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ya mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, husifiwa kwa kutamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kinachosahauliwa ni mwisho wake: Bi Hawa hakupata mgao, kwani ilionekana amefuja fedha za biashara alizopewa na mumewe.

Hapo ndipo tunapotofautiana nayo. Katika fiqhi, aliyekabidhiwa mali ya biashara ameshika amana. Halipi hasara ila akivuka mipaka au akizembea. Likithibiti hilo, hulipa kiasi kilichopotea, si zaidi. Jasho lake likishakubaliwa kuwa ni haki, hukatwa deni hilo; halifutwi bila kuhesabiwa.

Lakini nasi Waislamu tujitazame. Kwa madhehebu ya Shafi, wanandoa wakigombania vyombo vya nyumba na hakuna mwenye ushahidi, kila mmoja huapa, kisha hugawana nusu kwa nusu. Basi mume amtoaye mtalaka wake na nguo zake tu, eti kwa kuwa nyumba ni yake, anafuata mila, si sheria. Wallahu a'lam.