Lami Inayovunjika kwa Baridi

Chini ya kapeti la Datsun 240Z kuna mabamba ya lami yaliyobandikwa kiwandani Japani. Gari hili Afrika Mashariki inalijua vizuri: Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, kisha mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Waliolipenda walitazama boneti lake refu na kusikiliza injini yake. Mimi ninayemstahi ni fundi wa bodi anayepiga magoti mlangoni mwa gari hilo miaka hamsini baadaye, viti vimeshatolewa, akaanza kuibandua ile lami bila kulijeruhi bati lililo chini yake.

Lami haikuwekwa bure. Bati la sakafu ni jembamba, na injini ikitetema nalo hulia kama debe. Lami hulitia uzito, na kila inapopindwa na mtetemo huugeuza mtetemo huo kuwa joto dogo lisilohisika. Ubaya huja na umri. Lami hukauka na kupasuka, maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, na kwa kuwa hayana pa kutokea, kutu hula bati taratibu mahali ambapo hakuna anayetazama. Anayelifufua gari la aina hii, tuseme kwa ajili ya East African Safari Classic, yale mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, hawezi kuchomelea juu ya lami. Itawaka, itajaza gereji moshi, na ugonjwa utabaki pale pale.

Ziko njia za haraka, na zote zina malipo yake. Patasi na nyundo nzito huacha mabonde kwenye bati. Brashi ya waya kwenye grenda ni mbaya zaidi, kwa sababu msuguano huyeyusha lami ikapakaa kila mahali. Tena hurusha vumbi, na baadhi ya vifaa vya kuzuia kelele vya enzi zile vilikuwa na asbesto, kitu ambacho hakuna fundi anayepaswa kukivuta kifuani.

Fundi mwenye subira huanza na barafu kavu, ile inayotumika kusafirishia samaki na chanjo. Ni kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na haiachi maji. Kutoka hali yabisi hugeuka gesi moja kwa moja. Huivunja vipande vidogo, akavitandaza juu ya lami akiwa amevaa glovu nene, kisha akafunika kwa gunia. Milango yote huwa wazi na kichwa chake hakiinamii sakafuni, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hujaa chini ya gari na kuifukuza hewa ya kupumua.

Baada ya hapo hangoji kwa saa ya mkononi, hungoja kwa masikio. Lami ikipoa husinyaa kuliko chuma, na mvutano huo hulegeza mshiko wao. Utasikia milio midogo ya kupasuka chini ya gunia. Fundi hugonga kidogo kwa nyundo ya mpira. Sauti ikiwa nzito na butu, anarudisha barafu na kusubiri tena. Ikiwa kali na fupi, wakati umefika. Pigo moja jepesi, na bamba lote linavunjika vigae vinavyookotwa kwa mkono, rangi ya kiwandani ikabaki chini yake inang'aa. Nguvu ya mkono haikufanya karibu chochote. Kazi yote ilikuwa kujua lini.

Kuta za pembeni na mgongo wa gia hazishiki barafu. Huko hutumika hewa ya moto, kwa kiasi cha kuilegeza lami hadi ukingo wake uinuke. Ikizidi, lami huyeyuka na kazi ya nusu saa ikawa ya siku nzima. Ukingo ukishainuka, fundi huingiza skrepa ya plastiki, ikiwa imelala karibu sambamba na bati, akasukuma polepole.

Mabamba ya siku hizi, yale ya butili yenye karatasi ya alumini ambayo wapenda muziki hubandika milangoni, yanataka akili nyingine. Hayavunjiki kirahisi kwa baridi. Huvutwa taratibu, kisha fundi hufinyanga donge la butili ileile aliyoibandua na kuligongagonga juu ya mabaki, gundi ikaibeba gundi mwenzake. Sijaona njia safi kuliko hiyo, na haigharimu hata shilingi. Madoa ya lami yanayobaki hulainishwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Petroli hairuhusiwi kabisa. Mvuke wake ndani ya gari unangoja cheche moja tu.

Kisha kuna jambo linalompambanua fundi na mkwanguaji. Kwenye maungio ya mabati kiwanda kilipaka kizibo cha kuzuia maji, na rangi yake baada ya miaka hufanana na lami. Mwenye haraka hukikwangua pia, na masika yakifika sakafu inakuwa dimbwi. Fundi hupitisha kidole kwanza: kizibo hufuata mstari wa ungio na bado kina unyumbufu. Anakiacha.

Sakafu ikishakuwa tupu huonekana alama za kuchomelea za kiwandani, zimepangika, na mabaka ya kutu katikati yake. Fundi huligonga bati lote kwa kitako cha bisibisi, shubiri kwa shubiri, na pale linapoitika kwa sauti iliyofifia analizungushia chaki. Mchomeleaji huitwa baada ya hapo.