Namna ya Kuupima Muhtasari kwa Alama Zake

Ukipewa muhtasari wa mkutano wa kijiji ili uuhakiki, usianze na tahajia. Herufi iliyokosewa kila mtu huiona. Tafuta mikato, na kila unapokuta mmoja jiulize unatenganisha nini na nini. Hapo ndipo karani hodari anapojulikana.

Naandika nikiziwaza ofisi za vijiji vya Masoko, kusini mwa Tukuyu wilayani Rungwe, ambako karatasi ya namna hii ina uzito wake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie, na ushahidi wa kuridhia huko ni muhtasari. Huko huko Masoko, kando ya ziwa Kisiba, jengo la mawe lililoachwa na jeshi la Wajerumani lilikuja kutumika kama mahakama. Sentensi aliyoiandika mtendaji kwa haraka inaweza kufika mbele ya hakimu, ikasomwa na mtu ambaye hakuwamo kikaoni.

Soma hizi: "Mwenyekiti alisema mtendaji hakuhudhuria." "Mwenyekiti, alisema mtendaji, hakuhudhuria." Maneno ni yaleyale manne. Katika ya kwanza aliyekosekana ni mtendaji, katika ya pili ni mwenyekiti.

Mfano wa wakulima wa chai unauma zaidi kwa kuwa unagusa mfuko. "Wakulima ambao hawajalipwa fedha za Machi watalipwa Ijumaa" inawahusu baadhi tu, wale wanaodai. "Wakulima, ambao hawajalipwa fedha za Machi, watalipwa Ijumaa" inasema hakuna hata mmoja aliyelipwa. Aliyekwisha kulipwa akija Ijumaa na karatasi hiyo mkononi, mhasibu hana la kumjibu.

Wengi tulifundishwa darasani kwamba mkato ni mahali pa kupumua. Fundisho hilo ndilo limezaa kosa ninaloliona kuliko yote: "Wajumbe wote wa halmashauri ya kijiji, walikubaliana kuchangia ujenzi." Msomaji wa sauti anapumua pale, kweli, lakini sarufi haipumui. Kiambishi *wa-* kilichomo katika "walikubaliana" tayari kimekifunga kitenzi na wajumbe wake, na mkato unakuja kukata kilichokwisha kufungwa. Muhtasari wenye mikato ya pumzi kila mstari umeandikwa na mtu aliyekuwa anajisikiliza, na mimi huupa alama ndogo hata kama hati yake inapendeza.

Orodha za vyeo nazo zinataka jicho kali. "Fedha zilipokelewa na Mwenyekiti, Mtendaji na Mweka Hazina" ni watu watatu. Toa mkato, na Mwenyekiti Mtendaji anakuwa mtu mmoja mwenye cheo kikubwa ambacho kijiji hakina.

Kisha angalia maneno ya watu yalivyowekwa. "Mjumbe mmoja alisema kuwa sitatoa mchango." Nani hatatoa? Kwa sarufi ni katibu mwenyewe, kwani ndiye anayeandika! Karani mzuri huchagua njia moja: ama "alisema kuwa hatatoa mchango", ama afungue alama za kunukuu na kuyaacha maneno kama yalivyotamkwa. Kunukuu ni dhamana. Usiifungue kama hukumbuki neno kwa neno.

Kwenye fedha, alama ni ulinzi. Sh. 250,000/= inabeba mkwaju na mistari miwili, urithi wa uandishi wa shilingi wa Waingereza, na kazi yake leo ni kuufunga mwisho wa tarakimu. Ukikuta nafasi kati ya sifuri ya mwisho na mkwaju, kasoro hiyo ni kubwa, kwa kuwa panaenea sifuri nyingine. Kiasi kirudiwe kwa maneno ndani ya mabano, na mkato wa maelfu usigeuzwe nukta katikati ya ukurasa.

Vitu vidogo vipite haraka. Baada ya "Yah" nukta pacha inatosha; kile kistari kinachofuatishwa nyuma yake hakina kazi. Tangazo lenye alama tatu za mshangao halisikiki zaidi ya lenye moja.

Ritifaa siipiti haraka hata kidogo. Hapa Rungwe kuna majina ya ukoo kama Mwang'onda, na sauti hiyo bila ritifaa ni sauti nyingine. Jina likiwa na ritifaa kwenye kitambulisho na likikosa kwenye daftari la malipo, mwenye jina ndiye anayezungushwa dirisha kwa dirisha akithibitisha kwamba ni yeye. Linganisha kila jina na kitambulisho, usitegemee masikio.

Kipimo cha mwisho kinafanyika kikaoni, wakati wa ajenda ya kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Vikao vingi huipita ajenda hiyo mbiombio ili vifike kwenye yatokanayo. Halmashauri inayojali husomewa polepole, na mjumbe akinyoosha mkono kuomba mkato mmoja uondolewe, husubiriwa mpaka katibu aurekebishe na mwenyekiti atie saini yake ndogo pembeni.