Uhuru wa Dini na Mpaka wa Kulingania: Maneno Machache kwa Upande wa Pemba

Sheria nayo ni maandishi, na maandishi yoyote yastahili kusomwa kwa jicho lile lile tusomealo utenzi au riwaya: neno hili limewekwa kwa nini, na lile limeachwa kwa nini. Wanasheria wetu wamezoea kuisoma Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwa Kiingereza, kisha wakaitazama ya Kiswahili kana kwamba ni kivuli chake. Nadhani wamekosea. Katiba yenyewe ilipitishwa kwa Kiswahili, na kosa hilo si dogo, maana ndani yake mmo swali la nani ana haki ya kumwita mwenziwe katika dini yake, na wito huo ukome wapi.

Katika Kiingereza, jambo la kwanza lilindwalo ni mtu kuikiri dini yake na kujinasibisha nayo. Kiswahili kimesema "kutangaza dini". Haya si mamoja. Akiriye aweza kukiri chumbani mwake. Atangazaye hana budi kuwa na wa kumsikia. Mbele kidogo Kiingereza chaifanya dini kuwa jambo la faragha, bali Kiswahili kimesema ni jambo la "hiari ya mtu binafsi". Faragha na hiari ni mbali kama Mkoani na Ras Kigomasha. Faragha humfungia mtu mlango; hiari humwacha atoke aende atakako, ila humkataza kumburuta mwingine. Basi kwa aisomaye Katiba kwa lugha yake, mpaka wa kulingania haukutoka nje ya uhuru: umo katika neno hiari lenyewe.

Neno hilo lina historia nzito kisiwani Pemba. Mkataba wa Berlin wa 1885, katika kifungu chake cha sita, uliufunga pamoja uhuru wa dhamiri na ulinzi wa wamisionari, hata ikawa vigumu kuvitenga. Mwaka 1897 Theodore Burtt na wenzake wa madhehebu ya Marafiki, waitwao Quaker, walifika Pemba, na baadaye wakawa na shamba la mikarafuu huko Banani, karibu na Chake Chake. Mwaka huo huo, tarehe 6 Aprili, Sultani Hamoud bin Muhammad alitia sahihi amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Farler, aliyekuwa kasisi wa cheo cha archdeacon katika misheni ya Waanglikana huko Usambara, akawekwa na serikali kuwa kamishna wa mambo ya watumwa Pemba. Henry Stanley Newman aliandika kitabu akakiita Banani, na jina lake la pili lataja safari ya kutoka utumwani kwenda kwenye uhuru.

Hapo ndipo mhakiki atakapouliza. Aliyetoka utumwani alihitaji kazi, nyumba na kipande cha ardhi. Alivipata Banani, na mkono uliompa ujira ndio uliomfungulia Injili. Je, kusikiliza kwake kulikuwa kwa hiari? Siwatuhumu Marafiki kwa kulazimisha. Madhehebu yao hayana hata ubatizo wa maji, na ibada yao ni ya kukaa kimya. Nasema tu kwamba hiari haipimwi kwa kauli ya mwitaji peke yake. Hupimwa pia kwa hali ya aitwaye, na mtu asiye na pa kulala hachagui kama achaguavyo mwenye shamba lake. Jirani zao nao, katika kisiwa cha akina Kamange na Sarahani, chenye vyuo na maulamaa wake, hawakuwa watu wanaongoja kuletewa Mungu. Jumuiya ya Marafiki ilibaki ndogo.

Lugha yetu yenyewe haikai katikati. Aingiaye Uislamu amesilimu, atokaye ameritadi, aingiaye Ukristo, kwa wenyewe, ameongoka. Kila kitenzi kimekwisha hukumu kabla ya kadhi. Waandishi wa Katiba waliviacha vyote wakachukua "kubadilisha", neno kavu la sokoni, na kwa ukavu wake ndilo lililofaa.

Mahakama za nchi nyingine zimehangaika na mpaka huu huu. Mahakama ya Juu ya India ilisema mwaka 1977, katika shauri la Stanislaus, kwamba haki ya kueneza dini si haki ya kumgeuza mtu dini. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa haki Minos Kokkinakis, Shahidi wa Yehova aliyetiwa hatiani Ugiriki kwa kulingania nyumbani kwa jirani, ikatenga ushuhuda wa dini na ushawishi usiofaa. Hukumu ya pili yaniridhisha zaidi, kwa kuwa yatazama njia iliyotumika, haitazami matokeo.

Kwetu Bara lilikuja shauri la Dibagula, rufani ya jinai namba 53 ya 2001. Mwislamu alifungwa huko Morogoro kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu, chini ya kifungu cha kuumiza hisia za dini, ambacho nasaba yake ni kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860. Mahakama ya Rufani iliibatilisha hatia hiyo. Ilikuwa sawa: mtu aliyeruhusiwa kutangaza dini hawezi kuitangaza bila ya kuikanusha ya mwingine mahali zinapopingana.

Lakini Mpemba wa leo akitafuta sheria inayombana mlinganiaji, haikuti kwa mmisionari. Ataikuta katika Sheria ya Mufti ya Zanzibar ya 2001. Kwa sheria hiyo Mufti, aliyeteuliwa na serikali, husimamia misikiti, hukubali au hukataa kuandikishwa kwa jumuiya za Kiislamu, huidhinisha mihadhara ya masheikh wageni, na huangalia vitabu vya dini viingiavyo visiwani. Bara hakuna sheria ya namna hiyo. Nayo Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika Ibara yake ya 19, imeuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya serikali. Watetezi wa sheria husema kadhi na wakfu vilikuwa mkononi mwa dola tangu enzi za Masultani, na fitina ya misikitini ni fitina ya mtaa mzima. Hoja ya kwanza ni kweli kwa historia, ila Katiba iliandikwa baada ya historia hiyo. Ya pili yaweza kutosha kumzuia mchochezi mmoja kwa neno alilolisema. Haitoshi kumtaka kila sheikh mgeni aombe idhini kabla hajasema neno.

Wala shauri hilo haliwezi kupelekwa kwa majaji waliomwachia Dibagula. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar kimeizuia Mahakama ya Rufani kuifasiri Katiba hiyo, kwa hiyo atakayetaka kujua maana ya "nje ya shughuli za mamlaka" atalipeleka neno lake Mahakama Kuu ya Zanzibar, na huko ndiko litakakokomea.