Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na aghalabu tunaitumia tukiwa sisi ndio wageni, ili tusionekane mzigo. Mimi na mke wangu tuliisema kwa kicheko mwaka 2023, tulipofika mlangoni kwa rafiki yetu mjini Hamburg, Ujerumani, tukiwa na masanduku mawili, furushi la dagaa na kanga za shemeji. Rafiki huyu nilisoma naye Tanga, na sasa ameishi ughaibuni miaka zaidi ya thelathini. Tulikaa kwake wiki mbili, tukaenda Berlin siku nne kwa rafiki mwingine, kisha tukarudi Hamburg kupanda ndege.

Sina haja ya kumchosha msomaji kwa habari za safari nzima, kwani safari za watu waliokwenda kutembea hufanana sana. Nitaeleza habari ya kitabu nilichokisoma nikiwa huko, kwa sababu kitabu hicho kiliihukumu safari yetu.

Nilikikuta katika rafu ya mwenyeji wangu. Ni maandishi ya Sayyida Salme binti Said bin Sultan, yaliyotolewa kwa Kiingereza na E. van Donzel mwaka 1993. Wengi wetu tunaijua hadithi yake. Alizaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Waingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa huko, akaitwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alipata ajali ya tramu ya farasi, akafariki, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa angali akijifunza.

Ndani ya juzuu hiyo mna vitabu viwili ambavyo haifai kuvisoma kwa jicho moja. Cha kwanza ni kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Cha pili ni barua kwa rafiki yake wa kike aliyebaki Unguja, ambazo hazikuchapishwa alipokuwa hai.

Nianze na kumbukumbu. Hiki ndicho kitabu kilichompa jina, na sifa zake hazikanushiki. Pasipo kitabu hiki tungejua machache mno juu ya maisha ya ndani ya Mtoni na Beit il Sahil: nani alikula na nani, wanawake walivaa nini, mtoto alizaliwaje na maiti ilizikwaje. Asema aliwaandikia wanawe. Hata hivyo, kila ukurasa unamwona mgeni wa Kizungu ameketi sebuleni, na mwandishi anamtembeza nyumba nzima: hiki chumba, hii desturi, hivi ndivyo tufanyavyo sisi. Anapofika kwenye utumwa, yule mtembezaji anageuka wakili. Anautetea utumwa wa nyumbani kwao na kuufanya uonekane mwepesi, na waliotumwa hawapati nafasi ya kujibu. Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha Hamburg kilipewa jina lake. Baadaye jina hilo likaondolewa kwa sababu ya kurasa hizo. Wapo walioona kwamba ameonewa. Mimi naona kwamba alisomwa, na mwandishi akisomwa sawasawa hana haki ya kulalamika.

Barua ni kitu kingine kabisa. Humo hamtembezi mtu. Anazungumza na shoga yake, naye shoga hahitaji kuelezwa baraza ni nini wala udi ni nini. Anataka kujua mwenzake anaishije. Basi Salme anamweleza: baridi, nyumba zilizofungwa, macho ya watu wanaomkodolea kila aendako. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe, na sijasoma maandishi yanayoifafanua methali hiyo vizuri zaidi. Anaeleza pia jinsi alivyobaki katikati ya dini mbili, ile aliyoiacha haimwachi na ile aliyoipokea haimtulizi. Maneno ya namna hiyo hayamo katika kitabu cha mwaka 1886, na hayangeweza kuwamo, kwa kuwa wasomaji wa kitabu kile ndio waliokuwa wenyeji wake.

Barua nazo zina kasoro. Maombolezo yanarudiarudia, na mwenye kulia sana huona machozi yake tu. Watumishi wanaomhudumia wanapita kama vivuli, kama walivyopita watumwa katika kitabu cha kwanza. Lakini mizani yangu inalalia upande wa barua. Hekima niliyoipata humo ni kwamba habari za ugenini hupata uzito kutokana na yule zinayeandikiwa, kwa kuwa mtu huficha au husema kulingana na anayemsikiliza. Wingi wa vitu vilivyoonwa hausaidii kitu.

Sasa niirudie safari yetu. Mimi nilikuwa mtu wa kitabu cha kwanza. Nilikwenda na orodha. Nilipanda mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, wenye urefu wa mita 132. Nilipiga picha maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Huko Berlin nilisimama mbele ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa huko Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi pwani. Sasa amesimamishwa, urefu wake mita 13 na zaidi, na watoto wa shule wanamtazama kwa midomo wazi. Nilijivuna kumwona mtu wa kwetu akiheshimiwa ugenini. Mke wangu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na huyu atarudi lini kwao?" Nilimwambia asogee kidogo, anaziba picha.

Yeye mke wangu hakuwa na orodha. Siku niliyopanda mnara alibaki jikoni na shemeji, wakakaanga dagaa, madirisha yamefunguliwa wakiogopa jirani asilalamikie harufu. Niliporudi nilimlaumu. Nilimwambia tumelipa nauli ya ndege ili aje kukaa jikoni, kana kwamba Tanga hakuna majiko. Hakunijibu, na siku ile yote tulisemeshana kwa shida.

Kabla hatujaondoka mwenyeji wetu alinipeleka makaburini Ohlsdorf, pahali pakubwa mno, hekta karibu 390, penye miti na barabara za magari. Salme alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa hapa pamoja na ukoo wa mumewe. Na inasimuliwa kwamba alizikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, uliokutwa katika vitu vyake. Nilipiga picha ya kaburi. Tukiwa njiani kurudi, rafiki yangu aliniuliza kama katika makaburi ya ukoo wao kule Tanga bado kuna nafasi. Nikacheka, nikamwambia, "Bwana wee, sisi bado tupo sana, usiniletee habari za makaburi." Naye akacheka. Yakaishia hapo.

Tuliporudi nyumbani nilikwenda kumwamkia mama yake, bibi aliyepita miaka themanini, nikiwa na albamu niliyoisafishisha dukani, picha zaidi ya mia moja. Niliketi karibu naye nikamfungulia moja moja, nikimtajia jina la kila jengo na urefu wake. Alitazama kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mwanangu yuko wapi?"

Nikaanza upya kurudisha kurasa, nikitafuta. Hakuwamo. Katika picha zote zile hakuwamo hata mara moja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatupiga.

Yule bibi hakunilaumu. Alimgeukia mke wangu, akamwuliza kama mwanawe anacheka. Mke wangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, hajambo. Anakula, anafanya kazi, shemeji anamtunza. Lakini nyumba yao ni kimya. Siku tulipokaanga dagaa alirudi kazini akasimama mlangoni kwa muda mrefu bila kuvua koti, na shemeji akaniambia hajamwona hivyo siku nyingi." Bibi akaitikia kwa kichwa. Akauliza mengi mengine, walipika nini, wanalala saa ngapi, koti lenyewe lina joto. Na yote mke wangu aliyajua. Mimi nilibaki na albamu mapajani.

Hapo ndipo nilipokielewa kitabu nilichodhani nimekwisha kukisoma. Salme aliishi ugenini zaidi ya nusu karne. Katika miaka hiyo, mwaka 1875, kaka yake Sayyid Barghash alizuru London. Yeye akasafiri kutoka Ujerumani ili wakutane, akazuiwa. Mtu aliyekosa kukutana na ndugu yake katika mji uleule hawezi kuuandikia mji huo kama mtalii. Kila barua yake inamwuliza shoga yake swali moja: je, kwenu bado pana nafasi yangu? Na mimi swali hilohilo niliulizwa ana kwa ana, kwa Kiswahili safi, nikalipokea kwa mzaha.

Kwa hiyo sisemi kwamba watu wasiende kutembea, wala kwamba minara isipandwe. Nasema mgeni anayeondoka bila kujua hali ya mwenyeji wake hakufika. Methali haikusema mgeni njoo, mwenyeji akutembeze. Ilisema apone, na haponi mtu ambaye ugonjwa wake haukuulizwa.

Usiku ule nilimtaka radhi mke wangu kwa yale maneno ya jikoni. Kisha nikakaa mezani nikamwandikia rafiki yangu barua kwa mkono, jambo ambalo sikulifanya kwa miaka mingi. Sikumtajia minara. Nilimwambia nilikwenda mwenyewe makaburini kwao, nikatazama. Nafasi ipo, upande wa mwembe, karibu na baba yake. Lakini aje kwanza akiwa hai, aketi barazani kwa mama yake, na safari hii picha nitapiga mimi.