Kuanza, Kubadili, Kukoma: Hubbard Akisomwa Hulugho

Mwaka 1956 L. Ron Hubbard, mwandishi wa hadithi za kisayansi aliyekuja kuwa mwasisi wa Sayentolojia, alitoa kitabu kidogo, The Problems of Work. Hoja yake ni rahisi: kudhibiti jambo ni kulianza, kulibadili na kulikomesha. Kazi isiyofikishwa mwisho, yasema mafundisho yake, humng'ang'ania mtu na kumlemea. Na ukichoka? Toka nje utembee, tazama vitu vinavyokuzunguka mpaka akili itulie.

Sasa kisomee Hulugho, kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Kutembea! Mfugaji wa huku ameanza kutembea alfajiri, na macho hayajatoka kwenye mifugo. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Mtu alinuia kuwafikisha ng'ombe kwenye maji. Akaanza safari, akabadili njia, na waliokoma ni ng'ombe wenyewe. Kwa hesabu ya kitabu, hapo nani alishindwa kudhibiti nini? Mfanyakazi wa Hubbard ni wa ofisini na kiwandani, ana bosi na mashine. Mawingu si sehemu ya ajira yake.

Lakini tusimwonee. Kuupa mwisho wa kazi uzito sawa na mwanzo ni jambo la maana, hasa kwetu tunaopiga picha kwenye jiwe la msingi kisha kila mtu anaenda zake. Ukuta wa mpaka ulitangazwa kwa kishindo 2015. Tulichoona ni uzio wa kilomita chache upande wa Mandera. Kasoro ya Hubbard ni kwamba lawama huielekeza ndani ya mtu, wakati mara nyingi kilichokwama ni bajeti, au usalama, au ruhusa ya mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikwenda Rhodesia 1966 na mipango mikubwa, na baada ya miezi michache tu serikali ikakataa kumwongezea viza. Nia ilikuwepo, bwana.

Hulugho ina hesabu nyingine, ya zamani zaidi. Sahihi Bukhari hufunguliwa na hadithi ya nia, na ipo nyingine isemayo kuwa aliyekusudia jema asilitende huandikiwa jema moja kamili. Akilitenda, kumi hadi mia saba na zaidi. Wavivu wasifurahi haraka, tofauti ya moja na kumi si ndogo. Ila mtu aliyezuiwa na ukame harudi nyumbani mikono mitupu, wala haambiwi kwamba ukame ulitoka kichwani mwake.

Kwa hiyo kisome, msomaji, hasa sura ya ufanisi. Ile ya uchovu iruke, au umsomee mchungaji jioni akirudi, usikie atakavyojibu.